Doula wa Kihindi wa Ayurveda baada ya kujifungua, kuna aliyewahi kuwa naye? Mama yangu hawezi kuja

BintiLikoni

Asalaam aleykum na hamjambo nyote. Niko Minneapolis, mimba ya kwanza, nimeingia wiki ya 32. Siku zote mpango ulikuwa mama aje anilee arobaini yangu kama alivyomlea dada kule Likoni, lakini presha imempanda na daktari kamkataza safari ndefu, basi tukalia kwenye simu yeye huko mie huku mpaka bando likamwishia. Mume wangu anapiga shifti ya usiku kwenye ghala na likizo aliyopewa ni wiki mbili tu, baada ya hapo ni mie na mtoto na theluji dirishani.

Sasa kazini kuna dada wa Kigujarati, kaniambia kuna doula, yaani mwanamke wa kulipwa anayemsaidia mzazi, ambaye analea kwa njia ya Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi, yeye mwenyewe alilelewa naye. Nikampigia. Anasema atakuja siku 4 kwa wiki, masaa 4 kila siku, kwa wiki 6. Atanikanda kwa mafuta ya ufuta, atanipikia, atanifunga tumbo kwa kitambaa, atamshika mtoto nipate kulala. Bei ni dola 35 kwa saa, nikipiga hesabu ni masaa 96, yaani dola 3,360, pesa ambayo si ya kutoa kichwa kichwa. Alinitajia pia vidonge vya mizizi kumi na unga wa mzizi uitwao shatavari wa kuongeza maziwa, anaviagiza India.

Naomba kujua kwa aliyepitia, hii ni tofauti sana na arobaini yetu? Hivyo vidonge ni salama nikiwa nanyonyesha? Na je kuna mambo ya ibada humo ndani, maana sitaki kujiingiza kwenye kitu nisichokijua. Msinifiche jamani.

MamaMkubwa_Ngamiani

Mwanangu hongera na pole, Mungu akujalie ujifungue salama. Mie ni mtu wa Tanga, hiyo Ayurveda kwa jina nimeisikia ukubwani lakini kwa macho nimeiona tangu niko mtoto. Nyumba ya pili kutoka kwetu Ngamiani walikuwa Wahindi Waithnaasheri, na binti yao alipojifungua bibi yao alikuwa anapika vile vitu mtaa mzima tunasikia harufu, samli, tangawizi kavu, sukari guru, na ule utomvu wa mti wanauita gundar, wanaukaanga kwenye samli unafura kama bisi halafu wanausaga. Alikuwa akimletea mama yangu kwenye kibakuli cha stili, kwa sababu mama naye alikuwa mzazi, mdogo wangu alizaliwa wiki hiyo hiyo. Na mama alikuwa akirudisha kile kibakuli na uji wa pilipili manga, hakikurudi kitupu hata siku moja. Mie ndiye nilikuwa natumwa.

Kwa hiyo nikikusomea hapa huyo mwanamke alivyokwambia naona ni yale yale. Sisi mzazi anakandwa kwa maji ya moto na kitambaa, wao mafuta ya ufuta ya moto halafu ndiyo anaoga. Sisi tunamfunga mkaja, wao nao wanafunga. Sisi mseto wa choroko na wali ulolainika, wao wanauita khichdi, ni sufuria moja. Maji baridi huku hapewi, na kule hapewi. Na kuhusu ibada, hao jirani zetu walikuwa Waislamu wa kuswali na walikula vivyo hivyo, chakula ni chakula mwanangu.

Ila vidonge sijui, hapo waje wanaojua.

Mpenda_Haki

Dada kuwa makini, Ayurveda imetoka kwenye vitabu vya Kihindu, huwezi kutenganisha. Unaanza na mafuta unaishia kuwasha ubani mbele ya sanamu. Tafuta mama wa Kiswahili hapo hapo Minnesota, wapo wengi.

Mchaga_wa_Upanga

Mpenda_Haki nakuheshimu, lakini mimi nimeishi humo ndani ngoja nieleze. Mimi ni Mkristo wa Moshi, nimeolewa na familia ya Kigujarati, Wahindu, tunakaa Upanga Dar. Watoto wawili wote nimelelewa na mama mkwe wangu kwa utaratibu huo, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Kitu cha ibada kilichokuwepo ni kimoja, siku ya 6 wanaita chhathi, usiku wanaweka karatasi nyeupe na kalamu karibu na kitanda cha mtoto, wanasema ndiyo usiku anaandikiwa majaliwa yake. Mama mkwe aliniuliza kwanza kama naridhia. Mtoto wa kwanza nilikataa, hakununa, na chakula hakikupungua. Kwa hiyo BintiLikoni wewe mwambie doula wako mapema kwamba hutaki maombi wala mantra, hayo ya mwili yanasimama yenyewe.

Sasa elimu yao inasemaje. Wanaamini mwili una mambo matatu na mojawapo ni vata, ndiyo upepo, kitu kikavu, baridi, kinachotembea tembea. Mwanamke akishajifungua tumbo limeachwa wazi, damu imetoka, usingizi hakuna, basi upepo unapanda, ndiyo maana anatetemeka, anapata choo kigumu, gesi, wasiwasi, analia bila sababu. Dawa ya upepo ni kinyume chake, kitu cha moto, laini, chenye mafuta, kitamu, na kukaa mahali pamoja. Ukishaelewa hilo yale masharti yao yote utayaelewa bila kukariri. Halafu wanasema moto wa tumbo, agni, umekuwa mdogo kama makaa ya mwisho, huwezi kuyatupia gogo, unaanza na vijiti. Ndiyo maana siku za mwanzo nilipewa uji mwepesi wa mchele wenye samli na tangawizi kavu tu, nikaudhika maana mimi kwetu mzazi anapigwa mtori na nyama siku ya kwanza! Baadaye ndiyo ikaja khichdi ya choroko zilizokobolewa na bizari nyembamba, halafu raab, ule uji wa unga uliokaangwa kwenye samli na sukari guru na ajwain, mbegu fulani za kiungo, na kuanzia wiki ya pili hivi yale maladu ya katlu, yana viungo vingi sana, wenyewe wanasema 32. Maharage, kabichi, saladi, soda ya baridi, hakuna. Nilimwomba shemeji aninunulie soda kwa siri akaniambia anamwogopa mama yake kuliko mimi.

Kuhusu mkaja, mume wangu alinisomea tafsiri ya Charaka Samhita, kile kitabu chao cha zamani kabisa cha tiba, mmeandikwa mzazi apakwe samli na mafuta tumboni halafu tumbo lizungushiwe kitambaa kikubwa ili upepo usipate nafasi. Nikamwambia hiyo si mkaja huo? Bibi yangu hakuwahi kusoma kitabu cha mtu na alikuwa anafunga kanga vile vile.

Niwaambie siku ambayo sitaisahau. Siku ya 5, maziwa yamejaa kifua kama mawe, mtoto hashiki, nimekaa chini bafuni nalia. Mama mkwe hakuniuliza kitu. Alileta bakuli la mafuta ya ufuta ndani ya beseni la maji ya moto, akakaa kwenye kigoda, akauchukua mguu wangu akauweka pajani kwake akaanza kupaka kuanzia kwenye vidole vya mguu. Taratibu, mkono mzima, mafuta mengi mpaka yanachuruzika kwenye gazeti alilotandika. Alipofika goti nilikuwa nimenyamaza. Alipomaliza mgongo nilikuwa nasinzia. Hatukuongea lugha moja vizuri wakati ule, Kiswahili chake cha jikoni na Kigujarati changu hakuna. Mpaka leo tukigombana nakumbuka ule mguu.

Mabaya pia yapo nisifiche. Nilifungiwa ndani mwezi na robo, wanaita sava mahino, joto la Dar la Februari na feni hairuhusiwi. Hiyo ilinichosha na sikuona faida. Mtoto wa pili nikasema feni itawashwa, ikawashwa.

Nesi_Leicester

BintiLikoni mimi ni mkunga, nafanya kazi wodi ya wazazi huku Leicester mwaka wa 9 sasa, Wagujarati ndio wagonjwa wetu wakubwa, na nyanya zao wengine walizaliwa Kampala na Kisumu, wakijua natoka Kenya wananiagiza "lete maji moto" kama tuko nyumbani. Kwa hiyo haya mambo nayaona kila wiki, na ninayapenda, mama anayelelewa hivi unamjua hata kabla hujasoma faili lake. Lakini kuna mambo nataka uyashike.

Vidonge achana navyo. Kabisa. Si kwamba mizizi ni mibaya, shida ni hujui kilichomo. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani eneo la Boston, 14 zikakutwa na risasi (ile madini), zebaki au aseniki. 2008 wakarudia kwa dawa 193 za kwenye intaneti, karibu moja kwa kila tano ikawa hivyo, na usidhani ni za India tu, zilizotengenezwa hapo hapo Marekani zilikuwa vile vile. Na New York mwaka 2011 hadi 2012 walipata wajawazito 6 wenye sumu ya risasi kwenye damu, wote walikuwa wanatumia dawa hizo. Risasi inapita kwa mtoto tumboni na inapita kwenye maziwa. Doula wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa na yeye mwenyewe asijue, maana haionekani wala hainuki. Na hiyo mizizi kumi, dashamoola, ikija ya maji kwenye chupa ya arishta ina pombe ndani inayotokana na kuchachuka, uliza. Unga wa shatavari nao ushahidi wake wa kuongeza maziwa ni mdogo, kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku na kushika vizuri, kwa hiyo kama huyo doula anajua kumweka mtoto kwenye titi, hapo ndipo pesa yako ifanye kazi.

Uwatu wa jikoni kwenye chakula hauna neno, lakini kama una kisukari cha mimba au unatumia dawa za sukari mwambie daktari kwanza, unashusha sukari. Tangawizi, bizari, ajwain, samli, kula.

Mtoto asilambishwe kitu. Kuna desturi ya kumpa mchanga asali na samli siku ya kwanza, akikuletea hiyo kataa hata kama ni tone. Asali chini ya mwaka mmoja inaweza kumletea botulizimu, inampooza misuli. Na wanja wa machoni usipake, mwingi una risasi.

Kukandwa sawa, ila si juu ya mshono, si ukiwa na homa, na mguu mmoja ukivimba ukauma usikubali mtu aukande, inaweza kuwa damu imeganda na ukiikanda inasafiri mpaka mapafuni. Mkaja usikaze mpaka ukashindwa kupumua au ukahisi uzito unasukuma chini, na ukijifungua kwa oparesheni subiri daktari aseme.

Halafu hili nakuandikia wewe hasa kwa sababu umesema mama yako ana presha. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, mpaka wiki ya 6. Nunua mashine ya kupimia presha uiweke nyumbani. Kichwa kikali kisichosikia dawa, kuona maluweluwe, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, pumzi kukata, pedi kujaa ndani ya saa moja, homa ya 38, hayo si upepo na hayasubiri mafuta, piga 911 au nenda hospitali na umwambie kila unayemkuta kwamba umejifungua juzi. Nimewahi kumpokea mzazi ambaye kwa siku mbili nyumbani walimwambia ni upepo wa kichwa. Alipona, lakini kwa tabu sana, na mtoto wake alikuwa na siku 9.

Na doula si mkunga wala si daktari. Ukikutana naye muulize hivi: ukiniona natoka damu nyingi utafanya nini? Akijibu chochote tofauti na kupiga simu, mshukuru kwa chai uondoke.

Mpenda_Haki

Nesi hapo kwenye asali na wanja umenifumbua, sisi kwetu pia wanja wanapaka. Mchaga wa Upanga nimekusoma pia, hilo la kuuliza ridhaa ni jambo zuri.

Dada_StPaul

Jirani yangu kumbe! Mie niko St. Paul. Kabla hujatoa hizo dola 3,360 angalia bima yako. Kama uko kwenye Medical Assistance, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, Minnesota inalipia doula tangu 2014, ila lazima jina lake liwe kwenye orodha ya doula ya Idara ya Afya ya jimbo. Inalipia ziara kadhaa kabla na baada, kupikiwa na kukandwa masaa yote hayo hailipii. Kwa hiyo unaweza kuwa na doula wa bima wa kukusaidia kunyonyesha, na huyu wa Ayurveda ukampunguzia siku. Na usitishwe na vyeti vya Ayurveda, hakuna jimbo Marekani linalotoa leseni ya Ayurveda, mtu anaweza kuwa amesoma India miaka mitano na nusu au kozi ya wikendi kwenye zoom, wote watajiita sawa. Muulize amesomea wapi na amelea wazazi wangapi, na umpigie mmojawapo.

BabaMapasa_Columbus

Jambo dada. Mimi ni baba, Mkongomani wa Bukavu, niko Ohio. Bibi yangu alizaa mapasa mwaka jana, hatukuwa na mama wala doula. Wamama wa kanisa waligawana siku, huyu Jumatatu huyu Jumanne, kila mmoja alikuja na chakula na alifua nguo bila kuulizwa. Naomba mume wako asome hapa: kaka, ukitoka shifti asubuhi usilale mara moja, chukua mtoto masaa mawili bibi alale, halafu ndiyo ulale. Mimi sikufanya hivyo wiki za kwanza, nilifikiri kuleta pesa inatosha, na bibi yangu alianguka na huzuni ya kweli, ilipita wiki mbili haiondoki tukaenda kwa daktari. Usingoje kama sisi.

BintiLikoni

Jamani nimechelewa kurudi, nimesoma kila neno na mume wangu nimemsomea, BabaMapasa ujumbe wako kausikiliza kimya akasema sawa.

Nimekutana na doula jana. Nilimuuliza swali la damu kabla hata ya kuvua koti. Akajibu anapiga 911, ananilaza, ananiwekea mtoto kwenye titi huku tunangoja, na kwamba alishawahi kufanya hivyo mara moja. Vidonge nilimwambia hapana na sababu yake, akasema anaelewa, wateja wengine pia wanakataa, atatumia vya jikoni tu na mafuta ya ufuta nitanunua mwenyewe dukani. Mantra hapana, akasema sawa. Asali hapana, akacheka akasema hiyo ni bibi yake, yeye hampi mtoto. Nikampigia mzazi mmoja aliyewahi kumlea kama Dada_StPaul alivyosema, akaongea nami nusu saa nzima.

Halafu nikampigia mama wosapu ya video wakaonana. Mama kaleta kanga yake akamwonyesha anavyofunga, anaanza chini kwenye nyonga anapanda juu, doula naye akatoa kitambaa chake kirefu cha pamba akafunga kwenye mto wa kochi, anaanza chini anapanda juu. Mie katikati natafsiri huku machozi yananitoka. Mama kasema kwa Kiswahili, mwambie asikaze sana mwanangu ana mbavu nyembamba. Nikamtafsiria.

Tumekubaliana siku 3 badala ya 4, masaa 72, dola 2,520, anaanza siku mume wangu akirudi kazini. Mashine ya presha nimeshaagiza. Wiki mbili za kwanza mume wangu ndiye atapika, na anachojua ni ugali na mayai. MamaMkubwa, ule uji wa pilipili manga naomba vipimo, ajifunze kuanzia sasa.

MamaMkubwa_Ngamiani

Alhamdulillah mwanangu. Mwambie mkwe wangu achukue unga wa mchele vijiko vinne vya kulia, avuruge na maji ya baridi kwanza usifanye madonge. Maji vikombe vitatu yachemke, atie unga huku anakoroga asiache, moto mdogo. Tangawizi kipande cha kidole gumba aitwange, iliki punje tatu, pilipili manga nusu kijiko cha chai, siku za mwanzo apunguze mpaka tumbo lizoee. Ukishaiva atie tui zito kikombe kimoja, huko la kopo litafaa, likichemka mara moja tu atoe, na sukari mpaka wewe useme basi. Unywe wa moto. Na pilipili aitwange siku hiyo hiyo, ile iliyosagwa ikakaa dukani haina kitu.